SULTANI HASAN BIN SULAIMAN WA KILWA: UKARIMU WAKE NA UPANGA WAKE

Ndugu msomaji, ukisimama Bulyaga hapa Tukuyu, ukaelekeza uso mashariki na kuufuata mstari ulionyooka, utaivuka milima ya Kipengere, utapita Njombe, utayakata mapori makubwa ya kusini, na baada ya kilomita zaidi ya 600 utatokea baharini, penye kisiwa kidogo kiitwacho Kilwa Kisiwani. Katika kisiwa hicho alitawala, karibu miaka 700 iliyopita, mfalme Mwislamu ambaye sifa zake zilifika hata Yemen, Hijazi na Iraki. Huyo ndiye Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa na watu jina la Abul Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa, kwa sababu ya wingi wa zawadi alizokuwa akitoa.

Tumeona inafaa kukueleza habari zake kwa sababu maalumu. Wewe uliyeingia katika Islam karibuni, au wewe ambaye bado unachunguza, huenda umekwisha kuulizwa na jamaa zako kama dini hii si ile iliyoletwa na watu wa pwani kwa upanga na kwa minyororo ya watumwa. Katika nchi ya Rungwe swali hilo lina asili yake. Habari za Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga ngome zake karibu na Karonga, ni habari za majirani zetu walioko ng'ambo ya mto Songwe. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa asili na kwa lugha, wakawaua wengi na kuwateka wengi. Mambo yake yalikwisha Desemba 1895, alipokamatwa na Waingereza na kunyongwa. Naye Mlozi aliitwa Mwislamu.

Kwa hiyo anayeuliza swali hilo ana haki ya kujibiwa, na hatutakuwa tumemjibu vyema tukimwonyesha wema peke yao na kuwaficha wengine. Ndiyo maana tumemchagua mfalme huyu. Katika maisha ya mtu mmoja yanaonekana mambo yote mawili: ukarimu unaotokana na mafundisho ya Islam, na vita ambavyo Islam haikuviagiza. Mwenye kutafuta kweli atajifunza kwake namna ya kutenganisha mambo hayo.

Ukoo wake na masomo yake

Islam ilikuwako Kilwa karne nyingi kabla ya kuzaliwa Hasan bin Sulaiman. Sehemu ya zamani ya Msikiti Mkuu, ambao magofu yake yapo hata leo, ilijengwa yapata karne ya 11 au ya 12. Watawala wa kwanza wa mji huo walijulikana kwa jina la Washirazi. Mwishoni mwa karne ya 13, yapata mwaka 1277, utawala ulihamia katika ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen. Wa kwanza kutawala katika ukoo huo alikuwa Hasan bin Talut, naye ndiye babu yake Hasan bin Sulaiman.

Kitabu cha historia ya Kilwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, kinatueleza kwamba Hasan alipokuwa bado kijana alifunga safari ya kwenda Makka kuhiji. Njiani alikaa Aden muda wa miaka miwili, akijifunza elimu ya dini kwa wanavyuoni wa mji ule. Wakati wote huo kiti cha utawala kilishikwa na ndugu yake Daud kwa niaba yake, na Hasan aliporejea, Daud alikiacha kiti hicho akamkabidhi mwenyewe.

Yafikirie kidogo mambo haya, ndugu msomaji. Katika zama zile wana wa wafalme wengi waliuana wao kwa wao kwa ajili ya kiti. Hapa tunamwona kijana anayeuacha ufalme nyuma yake ili akatafute elimu, na ndugu anayerudisha amana baada ya kuionja ladha ya enzi. Elimu ile aliyoipata Aden haikupotea bure, kama utakavyoona mbele.

Enzi yake na mipaka yake

Hasan bin Sulaiman alitawala yapata kati ya mwaka 1310 na 1333. Usiufikirie ufalme wake kuwa ni nchi moja kubwa yenye mipaka ya kuzungukwa kwa miguu. Ulikuwa ni ufalme wa bahari: visiwa na bandari zilizofuatana pwani, kukiwamo kisiwa cha Mafia upande wa kaskazini, na kwa upande wa kusini mamlaka ya Kilwa juu ya biashara yalifika hadi Sofala, katika nchi ambayo leo inaitwa Msumbiji. Bara iliyoielekea Kilwa ilikuwa ya watu wengine, wenye desturi zao na wakuu wao.

Nguvu ya Kilwa ilitokana na pepo. Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja na pepo za kaskazi na kurudi na pepo za kusi. Aliyefika Kilwa mapema aliweza kuuza, kununua na kurejea kwao katika mwaka ule ule. Lakini aliyetaka kwenda mbali zaidi kusini alihatarisha kukosa pepo za kurudia na kukwama msimu mzima. Basi wenye majahazi makubwa waliishia Kilwa, na watu wa Kilwa wakawa ndio wanaoileta dhahabu kutoka Sofala kwa vyombo vyao wenyewe. Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikashuka pwani kubadilishwa kwa nguo, shanga na vyombo vya kauri vya kutoka China. Kila kilichopita Kilwa kililipiwa ushuru, nao ushuru huo ulikuwa ndio utajiri wa Sultani.

Dalili za utajiri huo hazijatoweka. Sultani Hasan alipiga sarafu za shaba zenye jina lake, ambazo zimeokotwa kwa wingi huko Kilwa, na sarafu chache za dhahabu zenye jina lake nazo zimepatikana. Sarafu yake moja ya shaba ilifukuliwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kisiwani kwake. Sarafu ile ndogo yatuonyesha jinsi biashara ilivyowaunganisha watu wa pwani na watu wa bara muda mrefu kabla ya Wareno kuzijua bahari hizi.

Nje ya mji, juu ya genge linaloitazama bahari, lilijengwa jumba liitwalo Husuni Kubwa. Wataalamu wa mambo ya kale walipolifukua, hasa katika miaka ya 1960, walikuta jumba lenye vyumba zaidi ya 100, viwanja vya ndani, maghala ya bidhaa, na birika la kuogea lenye pande nane. Tena walikuta jiwe lililochorwa maandishi yenye jina la Sultani huyu. Kazi ya kuupanua Msikiti Mkuu, hata ukawa na nguzo nyingi na kuba, nayo huhesabiwa kuwa ni ya wakati wake. Lakini jumba la Husuni Kubwa halikukamilika, wala halikukaliwa muda mrefu.

Fakiri na nguo za Sultani

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mashuhuri, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Morocco. Alikuja kwa njia ya Mogadishu na Mombasa, na miaka mingi baadaye, aliporejea kwao, alisimulia aliyoyaona na kuyasikia, yakaandikwa kitabuni mwaka 1355. Aliusifu mji wa Kilwa kuwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, akawasifu wakazi wake kwa dini yao na wema wao. Alisema kwamba wengi wao walikuwa watu weusi. Kumbuka jambo hili, ewe msomaji, anapokuja mtu kukuambia kwamba Islam ni dini ya Waarabu na Mwafrika ni mgeni ndani yake. Waafrika wa pwani hii walikuwa wakimsujudia Mwenyezi Mungu ndani ya Msikiti wa Kilwa karne nyingi kabla ya merikebu ya kwanza ya Ulaya kuonekana hapa.

Kuhusu Sultani mwenyewe, Ibn Battuta alieleza kwamba alikuwa mtu mnyenyekevu sana. Alikaa pamoja na mafakiri, akala nao chakula kimoja, na kuwaheshimu watu wa dini na watu wa kizazi cha Mtume s.a.w. Masharifu walimjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko, kwa kuwa walijua hawatarudi mikono mitupu.

Kisha alisimulia kisa kimoja. Siku ya Ijumaa Sultani alikuwa ametoka msikitini baada ya sala, anarejea nyumbani kwake, akakutana njiani na fakiri mmoja kutoka Yemen. Fakiri yule alimwita kwa jina lake la Baba wa Vipawa. Sultani alipoitika na kumwuliza haja yake, akamwambia kwamba anazitaka nguo zile zile alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Sultani hakukasirika wala hakumwahidi kesho. Alirudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akazivua zile alizokuwa nazo, akamwambia fakiri aingie azichukue. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu walioona hayo wakamshukuru sana Sultani kwa unyenyekevu na ukarimu wake.

Mtu aliyesoma habari za Seyidna Muhammad s.a.w. atatambua mara moja Sultani alifuata mfano wa nani. Katika Hadithi sahihi imepokewa kwamba mwanamke mmoja alimfumia Mtume s.a.w. shuka kwa mikono yake, naye akaipokea hali akiwa na haja nayo. Mtu mmoja alipoiona akaiomba, na Mtume s.a.w. akampa papo hapo. Masahaba r.a. walimlaumu mtu yule kwa kuomba kitu ambacho Mtume s.a.w. alikihitaji, naye akaeleza kwamba ameitaka iwe sanda yake. Basi mfalme wa Kilwa, mwenye dhahabu ya Sofala, alipoyavua mavazi yake kwa ajili ya maskini wa njiani, alikuwa anaufuata mwendo wa Bwana wake. Hilo ni tunda la mti wa Islam, na hatuna haya kulitaja mbele ya mtu yeyote.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwana wa Sultani, aliyekuwa mrithi wake, alizitaka nguo zile kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani alipopata habari jinsi watu walivyomshukuru kwa jambo lile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watumwa wale walikuwa nani?

Hapa, ndugu msomaji, inatupasa kusimama. Nguo zilikuwa mali ya Sultani, na alipozitoa alitoa kilicho chake. Lakini je, wale watu ishirini walikuwa nani? Walikuwa na mama zao na vijiji vyao kama wewe na mimi. Ibn Battuta hakutaja jina la hata mmoja wao, ila ametueleza namna watu wa aina yao walivyopatikana. Amesema kwamba Sultani alikuwa akienda mara kwa mara kuvamia nchi za watu wa bara waliopakana naye, ambao hawakuwa Waislamu, na kuchukua mateka na mali. Vita hivyo aliviita jihadi. Akasema pia kwamba Sultani alikuwa mwaminifu katika kuigawa mali iliyotekwa: sehemu ya tano aliitenga kwa matumizi yaliyotajwa katika Kurani Tukufu, na fungu la jamaa za Mtume s.a.w. aliliweka mbali katika hazina ya peke yake, akawapa masharifu walipomjia.

Ni kweli kwamba Sura Al-Anfal inaamrisha sehemu ya tano ya mali iliyopatikana vitani itumiwe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume, jamaa, mayatima, maskini na wasafiri. Lakini amri ile ilishuka baada ya Waislamu kuteswa Makka miaka kumi na mitatu, kufukuzwa majumbani mwao, na kufuatwa na majeshi hata Madina. Idhini ya kwanza ya kupigana, iliyomo katika Sura Al-Hajj, walipewa wale waliodhulumiwa na kutolewa makwao kwa sababu tu ya kusema Mola wao ni Mwenyezi Mungu. Tena aya zile zinataja kulindwa kwa mahekalu, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti. Sura Al-Baqara nayo imekataza kabisa kumlazimisha mtu katika dini, na imeamuru kupigana na wanaopigana nasi pasipo kupita mpaka.

Sasa tuvipime vita vya Kilwa kwa mizani hiyo. Katika habari za Ibn Battuta hatusomi kwamba watu wa bara waliwafukuza Waislamu majumbani mwao, wala kwamba walibomoa misikiti au kuwazuia watu wasisali. Sababu iliyotajwa ni kwamba walikuwa majirani wasio Waislamu, basi. Kwa mizani ya Kurani sababu hiyo haitoshi. Kugawa kwa uadilifu kitu kilichochukuliwa pasipo haki hakukigeuzi kuwa halali. Sultani aliijua vyema amri ya kugawa, akaitimiza kwa uangalifu wa kusifiwa. Lakini sharti lililotangulia amri hiyo halikuangaliwa.

Kuhusu mateka pia mafundisho yapo wazi. Sura Muhammad inasema kwamba mateka wa vita vya haki waachiliwe ama kwa hisani ama kwa fidia, vita vinapokwisha. Sura Al-Balad inautaja ukombozi wa mtumwa kuwa ni mlima wa wema ambao mwanadamu anatakiwa aupande. Sayyidna Abu Bakr r.a. alipotaka kuonyesha ukarimu wake alimnunua Bilal r.a., Mwafrika aliyekuwa akiteswa juu ya mchanga wa moto wa Makka, akamwacha huru. Tazama tofauti ya vipawa hivyo viwili. Abu Bakr r.a. alitoa mali ili mtu atoke utumwani. Sultani wa Kilwa alitoa watu, wakaendelea kuwa watumwa mikononi mwa mwingine. Wote wawili waliitwa wakarimu, lakini aliyefuata mafundisho ya Mtume s.a.w. hadi mwisho wake ni yule wa kwanza.

Hatusemi haya ili kumtukana mfalme aliyekwisha kwenda kwa Mola wake. Katika zama zake utumwa ulikuwako katika mataifa mengi ya dunia, ya Kikristo na yasiyo ya Kikristo. Sisi si mahakimu wa nafsi yake. Lakini dini haipimwi kwa matendo ya wafalme. Matendo ya wafalme ndiyo yanayopimwa kwa dini. Mwislamu anayeogopa kusema hivyo anamfanya Sultani kuwa mkubwa kuliko Kurani.

Je, upanga wake ulieneza dini?

Huenda mtu akasema kwamba, vyovyote iwavyo, vita vile viliifikisha Islam bara. Historia haimwungi mkono. Kwa muda wa karne nyingi baada ya Sultani Hasan, Islam ilibaki pwani na visiwani. Mtu wa bara aliyeiona dini ile kwa mara ya kwanza mkononi mwa mtekaji alikuwa na sababu gani ya kuipenda? Alikimbilia milimani, akawahadithia watoto wake aliyoyaona. Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa zilishuka hadi Kilwa Kivinje, nao watumwa wakapakiwa majahazini, mpaka Sayyid Barghash wa Zanzibar alipotia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kukataza biashara hiyo baharini. Njia zile ziliacha machozi mengi na waumini wachache.

Islam ilianza kuenea kwa nguvu katika bara ya nchi yetu wakati ambapo Waislamu hawakuwa na upanga wowote. Katika sehemu za kusini, baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, watu kwa maelfu waliingia katika Islam chini ya serikali ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza. Serikali zote mbili hazikuwa za Waislamu. Waliowavuta watu ni walimu wa chuoni, wachuuzi waaminifu, na mashehe waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji.

Na ukitaka mfano mkubwa zaidi, tazama yaliyotokea katika ulimwengu muda mfupi kabla ya Hasan kukalia kiti chake. Mwaka 1258 Wamongolia waliuteka Baghdad, wakamwua Khalifa na kuwachinja watu wasiohesabika. Upanga wote ulikuwa mkononi mwa maadui wa Islam. Lakini mwaka 1295, kabla haijatimia miaka arobaini, Ghazan, mfalme wa Wamongolia wa Iran, aliikubali Islam, na watu wake wengi wakamfuata. Washindi walishindwa na imani ya wale waliowashinda. Vivyo hivyo visiwa vya Indonesia, ambavyo vina Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote, havikupelekewa majeshi kutoka Arabuni. Wafanyabiashara na walimu ndio walioifikisha dini huko.

Yaliyopita na yaliyobaki

Sultani Hasan alipofariki, kiti kilishikwa tena na ndugu yake Daud. Yule aliyekuwa mwaminifu katika amana hakuwa mwepesi wa mkono kama ndugu yake. Ibn Battuta anasimulia kwamba mwombaji akimjia, Daud humwambia kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakingoja, kisha wakapewa kidogo, hata wakaacha kuja. Hivyo ukarimu uliotegemea mtu mmoja na mali ya vita ulikoma pamoja na mtu huyo.

Karne mbili hazikupita, ufalme wenyewe nao ukafikiwa na zamu yake. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na Julai 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yaliuvamia mji, yakauteka nyara na kujenga boma. Biashara ya dhahabu iliondoka mikononi mwa watu wa Kilwa. Husuni Kubwa likawa magofu yenye kuota miti, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Wareno hawakuweza kukiteka. Watu wa Kilwa walibaki Waislamu. Mfalme alinyang'anywa, hazina ikachukuliwa, msikiti mkubwa ukaharibika, nao waliendelea kumwabudu Mwenyezi Mungu na kuwafundisha watoto wao Kurani. Kama imani yao ingalikuwa imeshikizwa na upanga wa Sultani, ingalianguka siku ile upanga ulipoanguka. Haikuanguka, kwa kuwa ilikaa mioyoni.

Funzo letu

Katika zama zetu hizi Mwenyezi Mungu alimwinua Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian, Masihi Aliyeahidiwa na Imam Mahdi, aliyeanzisha Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1889 na kufariki mwaka 1908. Miongoni mwa kazi zake kubwa ilikuwa ni kuliondoa vumbi lililofunika neno jihadi. Alifundisha kwamba vita vya Mtume s.a.w. vilikuwa vya kujihami, kwamba kumwua au kumteka mtu kwa sababu ya imani yake ni kuichafua Islam, na kwamba jihadi ya zama hizi ni ya kuitakasa nafsi, ya kalamu, na ya kuwafikishia watu ujumbe kwa hoja na kwa mwenendo mwema. Kwa roho hiyo walikuja mubaligh wake Afrika Mashariki, na kwa roho hiyo Sheikh Mubarak Ahmad alitoa tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili mwaka 1953, ili Mnyakyusa na Msukuma na Mzaramo wajisomee wenyewe na kuamua wenyewe.

Basi wewe uliyeko Bulyaga, unapoulizwa habari za upanga na minyororo, usikimbie wala usikasirike. Kubali kwamba wamekuwako waliojiita Waislamu wakawateka watu, na ueleze kwamba walifanya hivyo kinyume cha Kitabu chao. Jirani yako Mmoravian, ambaye kanisa lake lipo Rungwe tangu mwaka 1891, naye anajua kwamba si kila aliyebeba msalaba aliufuata mwendo wa Yesu a.s. Mwombe tu aipime Islam kwa kipimo kile kile anachopenda dini yake ipimwe nacho. Kisha mwonyeshe Islam katika uaminifu wako sokoni, katika hali ya nyumba yako, na katika mkono wako kwa mwenye haja, awe wa dini yako au wa dini nyingine.

Hasan bin Sulaiman alifanya mambo mengi yaliyoonekana makubwa. Alipiga sarafu, akajenga jumba la vyumba mia, akashinda vita. Lakini baada ya miaka 700 jambo lake linalotugusa ni la yule mtu aliyerudi msikitini siku ya Ijumaa akavua nguo zake, kwa kuwa maskini alizihitaji. Jambo hilo halikuhitaji jeshi. Nawe unaweza kulifanya leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuuiga wema wa waliotutangulia, atuepushe na makosa yao, na aifungue mioyo ya wanaoitafuta kweli. Amin.